Malengelenge, vipele na utando mdomoni: Dalili za HIV zinazofichwa chini ya nguo

MTU anapotokwa na malengelenge yanayochoma kama moto upande mmoja wa kifua, wa kwanza kulaumiwa katika vijiji vingi vya Machakos ni mdudu. Lawama hiyo ina msingi. Nairobi Fly, mdudu mdogo mwenye rangi nyeusi na nyekundu, huzagaa baada ya mvua kubwa, na akipondwa juu ya ngozi sumu yake huacha mstari wa malengelenge unaofanana na jeraha la moto. Wapo pia wanaoshuku uoi, yaani uchawi, na hao huchelewa zaidi kufika hospitalini.

Hata hivyo, jeraha la mdudu hubaki pale alipopondwa. Mkanda wa jeshi hufuata mshipa wa fahamu kutoka uti wa mgongo, ukauzunguka ubavu bila kuvuka upande wa pili wa mwili, na aghalabu maumivu hutangulia malengelenge kwa siku kadhaa. Huletwa na virusi vya tetekuwanga ambavyo hujificha mwilini tangu utotoni na kuamka kinga inapodhoofika. Wazee huupata kwa sababu ya umri tu. Unapomshika kijana wa miaka 25, daktari ana sababu nzuri ya kumshauri apimwe HIV. Vidonge vya kuvizuia virusi hivyo hufaa zaidi vikianzwa katika saa 72 za kwanza, na malengelenge yakifika karibu na jicho, kuchelewa kunaweza kumpofusha mgonjwa.

Kisha kuna vile vipele vidogo vinavyowasha mikononi na miguuni, visivyokoma, ambavyo huacha madoa meusi. Ndivyo vinavyomfanya mgonjwa avae mikono mirefu kwenye jua kali, kwa kuwa majirani wamejifunza kuyasoma madoa hayo, na si kwa huruma. Mwaka wa 2004, jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa Uganda kwa wagonjwa 102 wenye vipele hivyo. Vipande vya ngozi vya 86 kati yao vilionyesha alama za kuumwa na wadudu. Kwa maneno mengine, ngozi ya mtu ambaye kinga yake imevurugika hulipokea kwa ukali mno umo ambalo mwenziwe hangelihisi. Krimu hupunguza mwasho, chandarua husaidia, lakini kinachovimaliza hasa ni dawa za kupunguza makali ya virusi (ARV).

Kinywani, dalili ya kawaida ni utando mweupe wa ukuvu ambao ukikwanguliwa huacha wekundu. Mtoto mchanga anaweza kuupata bila ya kuwa na HIV, na vilevile mgonjwa wa kisukari. Lakini mtu mzima anayeona uchungu kumeza hata uji huenda ukuvu umeshashuka kooni, na Shirika la Afya Duniani (WHO) huihesabu hali hiyo kuwa Ukimwi uliokomaa. Katika kiwango hicho pia imo saratani ya Kaposi, yenye mabaka ya zambarau yasiyowasha wala kuuma mwanzoni, na kwa hiyo hupuuzwa.

Kenya ilianza kutoa ARV bila malipo katika hospitali za umma mwaka wa 2006, na tangu 2016 kila anayepatikana na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja kinga ishuke. Ndiyo maana dalili hizi leo huwapata zaidi wasiojua hali yao na walioacha dawa.

Lipo pia fumbo linalowatatiza wengi. Mkanda wa jeshi au vipele huweza kuzuka wiki chache baada ya mgonjwa kuanza ARV, wakati kinga inapoamka na kuanza kupambana na maradhi yaliyokuwa yamejificha. Mgonjwa hudhani dawa inamdhuru, akaitupa. Mara nyingi hapaswi kuiacha. Arudi kliniki atibiwe huku akiendelea nayo. Hali ni tofauti ikiwa upele umeandamana na homa, vidonda mdomoni au machoni, au ngozi inayobambuka. Hayo yanaweza kuwa madhara ya dawa yenyewe, hasa nevirapine iliyotumika sana miaka ya 2000, au Septrin. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, akiwa na pakiti za dawa zote anazomeza.