Je, Wajua? Sauti za Mamma Mia! Zilizochekwa na Kushangiliwa

Mwaka 2008 ilitoka filamu yenye bahari ya buluu, harusi, na nyimbo za ABBA mwanzo mpaka mwisho. Hadithi ya Mamma Mia! ni fupi: Sophie anataka kuolewa katika kisiwa cha Ugiriki na hamjui baba yake, kwa hiyo anawaalika kwa siri wanaume watatu waliowahi kupendana na mama yake, Donna. Lakini watu walipotoka ukumbini hawakubishana sana juu ya hadithi. Walibishana juu ya waigizaji: nani anaimba, nani anajikaza tu, na furaha yote ile wameitoa wapi? Haya ndiyo ya kujua kuhusu waigizaji hao na watu waliokwenda kuwatazama.

KABLA YA KAMERA

Je, wajua kwamba Mamma Mia! ilizaliwa jukwaani? Onyesho la kwanza lilifanyika London, katika ukumbi wa Prince Edward, Aprili 6, 1999. Siku hiyo ilitimia miaka 25 kamili tangu ABBA, vijana wanne kutoka Sweden, washinde shindano la nyimbo la Eurovision mjini Brighton.

Je, wajua kwamba usukani wote ulikuwa mikononi mwa wanawake watatu? Judy Craymer ndiye mtayarishaji, Catherine Johnson mwandishi, na Phyllida Lloyd mwongozaji. Watatu hao walifanya kazi pamoja jukwaani, kisha wakahamia pamoja kwenye filamu. Kwa karibu miaka 9 hapakuwa na filamu ya waigizaji halisi iliyoongozwa na mwanamke peke yake iliyoingiza fedha nyingi kuliko hiyo ya Lloyd, mpaka Patty Jenkins alipokuja na Wonder Woman mwaka 2017.

Je, wajua kwamba Meryl Streep alianza kama mtazamaji wa kawaida? Mwaka 2001, jiji la New York likiwa bado na majonzi ya mashambulizi ya Septemba 11, alimpeleka binti yake na marafiki wa binti huyo kwenye onyesho la Mamma Mia! la Broadway. Watoto waliingia wamenyong'onyea, wakatoka wakirukaruka. Streep akawaandikia barua waigizaji wa jukwaani kuwashukuru. Miaka kadhaa baadaye, watengenezaji walipotafuta Donna wa filamu, walibisha hodi kwa mwandishi wa barua ile, naye akakubali.

Je, wajua kwamba wengi walidhani wamekosea kumchagua? Streep alikuwa tayari na tuzo mbili za Oscar na ameteuliwa mara 14, karibu zote kwa nafasi zenye machozi na uzito. Kumbe utotoni alisomea uimbaji, na alikwisha kuimba katika Postcards from the Edge (1990) na A Prairie Home Companion (2006). Waliofuatilia kazi zake hawakushangaa. Waliobaki walishangaa waziwazi, na mshangao huo ukawa sehemu ya raha ya filamu.

SAUTI ZAO WENYEWE

Je, wajua kwamba The Winner Takes It All, wimbo mgumu kuliko yote katika filamu hiyo, Streep aliurekodi kwa mkupuo mmoja? Benny Andersson, mmoja wa watunzi wawili wa ABBA, alimwita muujiza. Tazama tukio lenyewe: Donna yuko kwenye njia ya mawe juu ya bahari, ameshika mtandio unaopepea kwa upepo, na Sam, mwanaume aliyemwacha miaka 20 iliyopita, amesimama pembeni bila kuwa na la kusema. Hakuna wachezaji nyuma yao, hakuna kichekesho. Hapo ndipo kumbi zilizokuwa zikicheka zilinyamaza.

Je, wajua kwamba aliyechekwa kuliko wote ni huyo Sam, yaani Pierce Brosnan? Watu walimzoea kama James Bond, jasusi asiyechafuka suti, katika filamu nne kati ya 1995 na 2002. Katika wimbo wa SOS, anaoimba na Streep, sauti inamtoka nene, ya kukwaruza, kama ya mtu anayesukuma jahazi lililokwama mchangani. Hakujificha nyuma ya waitikiaji. Aliimba kwa nguvu zake zote, na watu waliangua kicheko kwa nguvu zao zote.

 

Je, wajua kwamba mwaka 2009 Brosnan alipewa Golden Raspberry, tuzo ya kejeli kwa mwigizaji msaidizi aliyefanya vibaya kuliko wote? Msimu huohuo filamu iliteuliwa kuwania Golden Globe ya filamu bora ya muziki au vichekesho, na Streep akateuliwa mwigizaji bora wa kike. Kazi ileile, mizani mbili tofauti.

Je, wajua kwamba zamani Hollywood ingemwazima Brosnan sauti ya mtu mwingine? Katika My Fair Lady (1964), nyimbo nyingi za Audrey Hepburn ziliimbwa na Marni Nixon. Nixon huyohuyo alikwisha kumwimbia Deborah Kerr katika The King and I (1956) na Natalie Wood katika West Side Story (1961). My Fair Lady ilipata uteuzi 12 wa Oscar, lakini Hepburn hakuteuliwa. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka ule ilikwenda kwa Julie Andrews wa Mary Poppins, aliyeimba mwenyewe.

Je, wajua kwamba katika My Fair Lady hiyohiyo Rex Harrison hakuwa mwimbaji kabisa? Alikuwa akizungumza maneno ya wimbo kwa mdundo, na alikataa kurekodiwa kwanza studio. Ikabidi wamfichie kipaza sauti kisicho na waya ndani ya tai yake, aimbe hapohapo mbele ya kamera. Yeye akashinda Oscar. Sauti yake haikuwa nzuri, lakini ilikuwa yake.

Je, wajua kwamba watazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki wamelelewa na desturi nyingine kabisa? Katika filamu za Kihindi zilizojaza kumbi za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kila mtu alijua kwamba Raj Kapoor haimbi. Ndani ya Awaara (1951) sauti ya kiume aliyopewa ni ya Mukesh, na ya kike aliyopewa Nargis ni ya Lata Mangeshkar. Hakuna aliyeona ametapeliwa, kwa sababu mwimbaji alitajwa, alijulikana, na alipendwa kama nyota mwenyewe. Nixon hakupewa heshima hiyo: jina lake halikuandikwa kwenye filamu zile.

Je, wajua kwamba sauti hizo za Mamma Mia! zilizodhihakiwa zilifika mahali ambapo ABBA wenyewe hawakufika? Agosti 2008 albamu ya nyimbo za filamu, zilizoimbwa na waigizaji, ilipanda hadi nafasi ya kwanza katika chati kuu ya albamu za Marekani, Billboard 200. Hakuna albamu ya ABBA iliyowahi kukaa hapo. Mwezi huohuo ABBA Gold, albamu ya mwaka 1992, ilirudi kileleni Uingereza.

UKUMBINI

Je, wajua kwamba nchini Marekani filamu hii ilitoka siku moja na filamu ya Batman, The Dark Knight, Julai 18, 2008? Batman aliondoka na zaidi ya dola milioni 158 kwa siku tatu za mwanzo. Donna na shoga zake walipata karibu milioni 27.8, kiasi kilichoonekana kidogo mpaka watu walipoanza kurudi mara ya pili na ya tatu. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 52 iliingiza zaidi ya milioni 600 duniani. Chema chajiuza.

Je, wajua kwamba mwisho wa mwaka 2008 Mamma Mia! ilikwisha kuipita Titanic na kuwa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote Uingereza? Ilikaa na taji hilo mpaka ilipokuja Avatar. DVD yake nayo ilipotoka Novemba, ilinunuliwa haraka kuliko DVD yoyote iliyoitangulia nchini humo.

Je, wajua kwamba watazamaji walipewa filamu yao ya kuimbia? Mwishoni mwa Agosti 2008 nakala yenye maneno ya nyimbo kwenye skrini ilipelekwa kumbini Marekani, na Uingereza nako maonyesho ya namna hiyo yakapamba moto. Desturi hiyo London iliijua tangu 1999, watu walipoanza kuiimbia The Sound of Music katika ukumbi wa Prince Charles. Kwa Mamma Mia! walikuja wamevaa ovaroli za jinzi kama Donna na viatu vya soli nene kama ABBA. Ukiwa umezungukwa na watu 300 wanaoimba, nani atasikia mkwaruzo wa Brosnan? Wa kwako mwenyewe husikii.

Je, wajua kwamba mkazi wa Zanzibar au Tanga angeielewa hali hiyo mara moja? Kwenye taarabu msikilizaji hakai kimya kungoja mwisho. Ubeti ukimgusa, huinuka, hucheza mpaka mbele, na humtunza mwimbaji noti mkononi huku kila mtu akiona. Mcheza kwao hutunzwa. Watazamaji wa Mamma Mia! hawakuwa na wa kumtunza pale mbele, maana mbele kulikuwa na skrini. Wakatoa sauti zao badala ya noti.

Je, wajua tukio lililowainua wengi vitini? Ni Dancing Queen. Donna anatoka chumbani na shoga zake wawili, na njiani wanawake wa kijiji wanaacha kila walichokuwa wakifanya. Bibi mmoja aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni anautupa chini na kujiunga. Wa jikoni wanakuja, wasusi wanakuja, wanashuka kilima wote hadi gatini. Akina mama wengi walikwenda kuiona filamu hii na binti zao, wengine hadi na bibi, na hapa walijiona wenyewe, kwa umri wao na maumbo yao, wakiwa ndio wenye sherehe. Ukiangalia vizuri, mpiga piano hapo gatini ni Benny Andersson.

Je, wajua kwamba shoga hao wawili ndio waliochangamsha ukumbi kuliko mabwana watatu? Julie Walters, aliyeigiza Rosie, watoto walimtambua papo hapo: ni mama yake Ron katika filamu za Harry Potter. Christine Baranski, aliyeigiza Tanya, ni mzoefu wa jukwaa mwenye tuzo mbili za Tony. Tukio lake ufukweni, anapowazima kwa madaha vijana wanaomtongoza, lilipigiwa makofi kama vile yuko pale mbele.

Je, wajua kwamba ukikimbilia mlangoni majina yanapoanza kupita, umekosa? Streep, Walters na Baranski wanarudi na mavazi ya kumetameta, na Streep anawageukia watazamaji na kuwauliza kama wanataka wimbo mwingine. Kumbi zilijibu kwa kelele. Kisha wanaingia wale mabwana watatu, Brosnan, Colin Firth na Stellan Skarsgård, nao wamebanwa na mavazi yaleyale ya kung'aa. Firth, bwana mwenye majivuno wa Pride and Prejudice ya 1995, akiwa kwenye soli nene! Hapo hata aliyenuna alisalimu amri.

Je, wajua nani walihudhuria uzinduzi wa Stockholm, Julai 4, 2008? Wanachama wote wanne wa ABBA. Kwa miaka zaidi ya 20 hawakuwa wameonekana pamoja hadharani, na walikuwa wamekataa ahadi za fedha nyingi ili warudi jukwaani. Walikuja kuwapongeza waigizaji walioziimba nyimbo zao.

MIAKA 10 BAADAYE

Je, wajua kwamba kanisa dogo la harusi ya Sophie lipo kweli? Ni Agios Ioannis, katika kisiwa cha Skopelos, juu ya mwamba uliosimama baharini. Kulifikia kunataka kupanda ngazi karibu 200 zilizochongwa kwenye jiwe. Ndani hamkuwa na nafasi ya kamera, kwa hiyo matukio ya ndani yalipigwa studio. Wapenzi wa filamu bado wanapanda ngazi hizo, na wapo waliokwenda kufunga ndoa huko.

Je, wajua kwamba katika filamu ya pili, Mamma Mia! Here We Go Again (2018), Cher aliigiza mama yake Streep ilhali anamzidi miaka mitatu tu? Cher alizaliwa 1946, Streep 1949. Watazamaji walihesabu, wakacheka, wakasamehe mara tu Cher alipofungua kinywa kuimba. Alinogewa kiasi kwamba mwaka huohuo alitoa albamu nzima ya nyimbo za ABBA.

Na je, wajua kwamba Brosnan alirudishiwa SOS? Katika filamu hiyo Donna amekwisha kufariki, na Sam anabaki na picha yake. Anauimba tena wimbo uliomletea dhihaka, safari hii mistari michache tu, kwa sauti ya chini, peke yake. Mkwaruzo ni uleule, lakini sasa ni sauti ya mjane wa kiume anayemlilia mkewe, na sauti laini ingeliharibu tukio lile. Nafasi hiyo hakupewa na waliotoa tuzo ya kejeli. Alipewa na watu walionunua tiketi miaka 10 mfululizo na kuimba naye. Mwigizaji akijitoa mzimamzima, watu humpokea mzimamzima, na kasoro zake.