Forodhani: taa mupya, waya moja tu

Muchimbaji hahitaji mwalimu juu ya mwangaza. Mu shimo, mwenzako akigeuka kukuangalia, torshi ya kichwa chake inakupofusha: unaona taa, hauone mutu. Fundi wa kupanga taa za fasi ya watu wengi anapigana na shida ileile. Taa ifichwe macho, imulike chini, ili mwenye kutembea aone njia, ngazi, na uso wa yule anayekuja.

Huko Zanzibar fasi kama hiyo iko: Forodhani, bustani ya pembeni ya maji mbele ya Mji Mkongwe. Jua likizama, wauzaji wa samaki, pweza na urojo wanapanga meza zao. Zamani walimulika na karabai na taa za petroli. Kisha shirika la Aga Khan likatengeneza fasi yote upya: ukuta wa bahari, njia, majani, taa. Mu Julai 2009 bustani ikafunguliwa tena.

Bandari nayo iko na sheria yake. Nahodha mwenye kuingia usiku anatafuta taa nyekundu upande wa kushoto, ya kijani upande wa kuume. Mukijaza pembeni ya maji mataa makali ao ya rangi, alama yake inapotea mu mwangaza wa muji. Kwa hiyo taa ya bustani inafaa igeuzie bahari mugongo.

Umeme si mugeni pale. Beit el Ajaib, jumba ya Sultani Barghash ya mwaka 1883, ndiyo nyumba ya kwanza ya kuwaka umeme Zanzibar. Munara wa taa uliosimama mbele yake uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Jumba yenyewe, upande moja ulianguka siku ya Noeli 2020, wakati wa kazi ya kuitengeneza, na watu wawili wakakufa.

Lakini sikieni hii. Desemba 2009, bustani haijamaliza hata miezi sita, waya ya umeme inayopita chini ya bahari toka Tanzania bara ikaharibika. Unguja yote giza mpaka Machi 2010! Mwenye jenereta aliwasha, asiye nayo alirudilia petroli. Na mu 2008 ilikwisha kuwafikia vile, karibu mwezi muzima. Waya mupya, ya megawati 100, ilikuja mu 2013. Taa zote zile nzuri, kumbe zilining'inia kwa waya moja.

Sisi waya tunazo juu ya kichwa. Nzilo, ile wazee wanaita Delcommune, Union Minière iliijenga mu miaka ya 1950 juu ya kulisha mashini za shaba: megawati 108. Toka 1982 waya ya Inga nayo inafika Kolwezi, kilometa 1.700. Na mangaribi, mu cité, délestage: mutoto anafanya devoir na mwangaza wa telefone ya baba.

Kama siku moja mutu anakuja na plan ya taa kwa avenue yetu, mama muuza samaki wa usiku amuulize kwanza: umeme utatoka kwa waya gani, na ampuli ikikufa, nani atapanda poto kuibadilisha? Kama ni ya solaire, bei ya batri ya pili iko mu plan?