Uvimbe katika Mwili wa Punda au Farasi: Weka Wembe Chini Kwanza

Asubuhi unamvika punda wako matandiko ili aende kuchota maji, na mkono wako wagusa kitu ambacho jana hukukiona: uvimbe, labda shingoni, labda chini ya taya, labda kifuani. Jirani wa kwanza atakuambia, "Hilo ni jipu, litumbue." Wa pili atasema lichomwe kwa chuma cha moto. Wa tatu atakuletea oili chafu ya gari katika kopo. Shauri letu ni kwamba uwashukuru wote watatu, kisha uweke wembe chini. Uvimbe wa wanyama hawa ni wa namna nyingi. Upo ambao ukiukata mnyama atakufa siku ile ile, na upo ambao utakuletea ugonjwa wewe mwenyewe uliyeshika wembe.

Mnyama huyu si wa kuchezewa. Katika hesabu ya mwaka 2009 Kenya ilikuwa na punda zaidi ya milioni 1.8, lakini hesabu ya mwaka 2019 ilikuta kama milioni 1.2 tu, na miongoni mwa sababu ni machinjio yaliyofunguliwa tangu mwaka 2016 ili kupeleka ngozi China. Mtu wa Mwea anayebeba mpunga kwa mkokoteni, au mtu wa Lamu anayebeba mawe ya kujengea, ajua kuwa punda akilala siku kumi, mapato ya siku kumi yamelala naye. Farasi kwetu ni wachache, lakini walio nao wataona kwamba mengi ya hapa yawahusu pia. Penye tofauti tutasema.

Kabla ya kuamua lolote, mchunguze mnyama. Mfunge kivulini, amepumzika, na mtu anayemjua amshike kichwa. Wewe simama karibu na bega, wala si nyuma. Kama una glovu za mpira zivae. Kama huna, usimguse ikiwa una mkwaruzo mkononi. Tazama kwanza upande wa pili wa mwili, kwa maana mara nyingi mtu hudhani ameona uvimbe, kumbe ni umbo la mnyama mwenyewe na upande wa pili uko vivyo hivyo. Kisha gusa taratibu kwa mgongo wa mkono: je, pana joto kupita pembeni? Bonyeza kwa kidole: je, ni pagumu kama kokoto, ni laini kama mfuko wa maji, au kidole kinaacha shimo kama katika unga uliokandwa? Je, ngozi inateleza juu ya kitu hicho, au imeshikamana nacho? Je, mnyama anaruka kwa maumivu, au hajali? Pima pia homa, kama una kipimajoto. Kipake mafuta, ukitie katika njia ya haja kubwa, na ukishikilie mpaka kitakapokuwa tayari. Punda mzima aliyepumzika huwa na joto kama 37, na farasi huwa kati ya 37 na nusu na 38 na nusu. Likipita 38 na nusu, mnyama yule ana homa, na uvimbe wenye homa haungoji kesho.

Uvimbe wa kuogopwa kuliko wote ni ule unaotokea upesi kooni, shingoni au kifuani, wenye joto na maumivu, pamoja na homa kali. Pengine mnyama anashikwa na tumbo pia. Huenda kikawa kimeta. Farasi au punda mwenye kimeta aweza kufa katika siku mbili mpaka nne. Usiukate uvimbe huo, usimchome sindano mwenyewe, mtenge, ukamwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Akifa, usimpasue wala usimchune, na usiwape mbwa nyama yake. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujifunika ganda na kukaa udongoni miaka mingi, nao watu wengi wanaoambukizwa ni wale waliochuna au kukata mnyama mgonjwa. Sheria ya Kenya yakutaka utoe habari ya ugonjwa huu, na daktari ndiye atakayeonyesha namna ya kumzika au kumchoma.

Mwenye farasi atazame pia shimo lililo juu ya jicho. Likijaa na kuvimba, na farasi ana homa na kupumua kwa shida, pengine na povu puani, huo waweza kuwa ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoletwa na usubi wa usiku. Farasi wengi hufa kwao. Punda huupata pia, lakini kwa kawaida huwapitia kwa wepesi, na ndiyo sababu mwenye punda huenda asiwe ameusikia kabisa. Chanjo yake ipo. Mwulize daktari kabla ya mvua, si baada ya kumwona farasi mmoja akianguka.

Sasa tuje kwa uvimbe ambao wembe huua papo hapo. Mtoto wa punda mara nyingine huwa na kinundu laini kitovuni, chenye ukubwa wa yai la kuku au zaidi. Hakina joto, hakimwumi, na ukikisukuma juu kwa vidole kinaingia ndani, nawe wasikia tundu katika ukuta wa tumbo. Hiyo ni ngiri. Kilichomo si usaha bali ni utumbo, na mtu akidhani ni jipu akapasua, matumbo yatamwagika chini. Ngiri ndogo mara nyingi hujifunga yenyewe mtoto anapokua. Ile kubwa hushonwa na daktari. Lakini kinundu hicho kikikataa kurudi ndani, kikawa kigumu chenye joto, na mtoto anajigaragaza kwa tumbo, basi utumbo umebanwa, nawe una saa chache tu.

Uvimbe wa chini ya taya ni jambo jingine. Ikiwa mnyama ana homa, anatoa kamasi zito la njano puani, hataki kula kwa sababu kumeza kunamwuma, na tezi za chini ya taya zimevimba, huo ndio ugonjwa wa majipu ya koo unaoenea sana kati ya farasi na punda. Hapa kweli kuna jipu, na kwa kawaida hupasuka lenyewe. Waweza kulikanda kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi ili liive, lakini daktari ndiye atakayesema kama litumbuliwe na kama dawa ya sindano itafaa. Kazi yako kubwa ni kuwalinda wale wengine. Mtenge mnyama huyo, umpe ndoo yake na kamba yake, na umhudumie mwisho, baada ya wazima. Asinywe pamoja nao katika birika moja, wala usimpeleke sokoni au kisimani mpaka daktari aseme amepona, kwa maana aweza kuendelea kutoa ugonjwa wiki nyingi baada ya jipu kukauka.

Kama punda alipigwa teke au kugongwa na mti wa mkokoteni, na uvimbe laini ukatokea saa chache baadaye, yaelekea ni damu iliyokusanyika chini ya ngozi. Weka maji baridi, mpumzishe, uache. Nyingi hunyonywa na mwili wenyewe. Ukizitoboa mapema, damu huanza upya na uchafu huingia.

Uvimbe wa matandiko waujua: hutokea pale kamba au mti unapokaa, nao dawa yake ya kwanza ni kuondoa kinachosugua. Kumpaka dawa asubuhi na kumvika kamba ile ile mchana ni kazi bure. Lakini ule unaotokea juu kabisa, mahali shingo inapokutana na mgongo, ukawa na joto na kuelekea kutoa usaha, uwe na hadhari nao. Mara nyingine ndani yake kuna vijidudu vile vile vinavyowafanya ng'ombe watupe mimba, hasa ikiwa punda au farasi huyo analala pamoja na ng'ombe. Mtu aweza kuvipata katika usaha, akaugua homa inayorudi-rudi na maumivu ya viungo kwa miezi. Usiutumbue.

Tumeacha mwisho ule unaowadanganya watu zaidi, kwa sababu haumwumi mnyama na hauna haraka. Ni kinundu kinachoitwa sakoidi, nacho ni uvimbe wa ngozi ulio wa kawaida kuliko wote kwa farasi, punda na nyumbu. Waweza kuuona kama baka lisilo na manyoya, au kama chunjua zenye magamba, au kama kokoto iliyo chini ya ngozi, ukubwa wa punje ya mahindi mpaka chungwa, au kama nyama mbichi inayotoka damu. Hupenda pembeni mwa macho, masikioni, kifuani, tumboni na ndani ya mapaja. Huletwa na virusi vile vinavyowapa ng'ombe chunjua, na wataalamu waona kwamba nzi huvibeba. Lakini chunjua za ng'ombe kwa kawaida huisha zenyewe. Za punda ni nadra kuisha.

Sakoidi haiendi ndani kwenye maini wala mapafu, kwa hiyo yenyewe si ya kumwua mnyama. Ubaya wake ni kwamba ikiguswa kwa ubaya hukasirika. Ukiikata kwa wembe, ukaichoma, au ukaifunga uzi, mara nyingi hurudi, na hurudi kubwa kuliko ya kwanza, pengine kidonda kikubwa mahali ambapo kamba ya mkokoteni inapita, na hapo punda amekwisha kazi. Daktari ana njia kadhaa: kuikata kwa upana unaofaa, kuigandisha kwa baridi kali, kuipaka dawa maalumu. Zote hufaa zaidi uvimbe ukiwa mdogo na haujaguswa. Tena kuna vidonda vinavyofanana nayo, vyenye chembe za njano kama mchele ndani, ambavyo huletwa na minyoo inayobebwa na nzi, na dawa yake ni tofauti kabisa. Ndiyo sababu daktari pengine atakata kipande kidogo na kukipeleka maabara ya Kabete.

Wala usimwite daktari kwa mafuta. Punda aliyeshiba huweka akiba ya mafuta juu ya shingo na matakoni, mabonge mabonge, na shingo ya punda mnene aliyezeeka yaweza kuwa ngumu na kulala upande mmoja. Huo si ugonjwa wa ngozi. Mpunguzie chakula kidogo kidogo, wala usimnyime ghafula, kwa maana punda mnene akinyimwa ghafula mafuta huingia katika damu na kumwua.

Ikiwa uvimbe hauna joto, hauumi, mnyama anakula na hana homa, una nafasi ya kungoja, lakini kungoja si kusahau. Chukua uzi, uzungushe uvimbe, ufunge fundo na kuutundika mahali pakavu, au piga picha kwa simu ukiwa umeweka sarafu kando yake. Andika tarehe. Pima tena kila wiki. Ukikua, ukitoa majimaji, ukiota manyoya meupe au kupoteza manyoya, au ukiongezeka vingine kwa mstari kama shanga kwenye mguu au shingo, mwite daktari upesi, umwonyeshe uzi na tarehe zako. Ofisi ya mifugo ya kaunti itakuambia aliye karibu. Anayekuja kumtibu aulizwe kama ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kwa maana wauzaji wa dawa wenye sindano moja kwa kijiji kizima wako wengi, na sindano chafu huacha uvimbe wake wenyewe shingoni.

Na ikiwa umesoma haya ukiwa umekwisha kutumbua, osha kidonda kwa maji safi yenye chumvi kidogo, usikipake oili, samadi wala majivu, na umwite daktari ampe mnyama sindano ya kumkinga na pepopunda. Si bure ugonjwa huo umeitwa hivyo: punda na farasi hushikwa nao upesi kuliko wanyama wengi wa nyumbani, na tundu dogo lililotobolewa kwa msumari wenye uchafu latosha.