KIMEA SAFI, MTOTO MZIMA



Asubuhi moja mama mmoja alifika dispanseri na mtoto wa miezi kumi mgongoni. Mtoto alikuwa amehara na kutapika usiku kucha. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, akilia machozi hayatoki. Tulimnywesha maji ya dawa kijiko kwa kijiko mpaka jioni, akapata nguvu. Mama akauliza: « Muganga, mimi nampa uji wa kimea. Kosa langu ni nini? »

Swali lake ndilo somo la leo.

Kimea ni chakula kizuri. Mbegu ya mahindi au ulezi ikichipuka, hupata nguvu ya kulainisha uji mzito, na mtoto mwenye tumbo dogo hula unga mwingi zaidi. Lakini tazama jinsi tunavyokitengeneza: tunalowesha mbegu, tunazifunika, tunaziacha siku mbili tatu katika joto na unyevu. Hayo ndiyo vijidudu vya kuhara wanayopenda pia! Kijidudu kimoja, kikipata joto na chakula, huweza kuwa viwili kila dakika 20. Kwa saa 8 tu vinapita milioni 16.

Vijidudu hivyo hutoka wapi? Katika samadi ya shamba, panya wa ghala, maji ya mto na mikono michafu. Hujificha katika nyufa za mbegu, hata maji hayawafikii.

Msidhani ni shida ya Ituri peke yake. Mwaka 2011, huko Ujerumani, watu walikula mbegu za uwatu zilizochipuka, bila kuzipika. Zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 walikufa. Viwanda vingine huweza kulowesha mbegu katika maji makali ya klori, na hata hivyo vijidudu hupungua tu, haviishi vyote. Dawa hiyo kali msiijaribu nyumbani. Sisi tuna moto.

Basi fanyeni hivi:

1. Chagueni mbegu za chakula, nzima na kavu. Tupeni zilizovunjika, zenye ukungu na zinazoelea. Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa, mara nyingi zenye rangi nyekundu, ni sumu. Zisiliwe kamwe.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mbegu mara kadhaa, kisha loweka katika maji yaliyochemshwa na kupoa. Badilisha maji hayo.

3. Tumia chombo cha jikoni tu. Baba, beseni uliloshikia dhahabu na zebaki lisiguse chakula, hata likioshwa mara kumi!

4. Funika kwa kitambaa kilichochemshwa. Kimea chenye harufu mbaya au ukungu, tupa.

5. Anika juu ya turubai safi, mbali na kuku na mbuzi. Kikikauka kabisa, ondoa vichipukizi na mizizi, saga, weka mahali pakavu.

Sasa kosa la yule mama. Alikuwa akipika uji, anauepua, anatia kijiko cha kimea kibichi, anakoroga na kumlisha mtoto. Vijidudu viliingia vikiwa hai. Njia nzuri ni hii: tia kimea, koroga mpaka uji ulainike, halafu rudisha sufuria motoni mpaka uchemke vizuri. Msiogope, uji hautarudi kuwa mzito. Mtoto ale ungali wa siku hiyo, usilale.

Mtoto akihara, mpe maji ya dawa: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Aendelee kunyonya. Akihara damu, au akishindwa kunywa, mleteni dispanseri mara moja, hata usiku.

Baba anayeshuka shimoni huvaa kofia kabla jiwe halijaanguka. Mama naye achemshe uji kabla mtoto hajaugua. Kinga ni bora kuliko dawa.