Chombo cha Chakula cha Ndege: Namna ya Kukitengeneza Pamoja na Watoto

Kila mtu akaaye Kitui au Makueni ajua ya kuwa mtoto wa mkulima huanza kujuana na ndege kwa vita. Mtama na uwele vinapokaribia kukomaa, watoto hupelekwa shambani kuamia ndege, wakapiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo tangu alfajiri mpaka jua kuchwa. Kwa hiyo mzazi akiambiwa awafundishe watoto wake kuwawekea ndege chakula, yamkini atacheka na kuuliza, "Je, adui wa chakula chetu tumwalike nyumbani?"

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kabla ya kueleza namna ya kutengeneza chombo chenyewe.

Si kila ndege ni mwizi

Ndege aletaye hasara kubwa kuliko wote katika mashamba ya nafaka ni kwelea, yule mdogo mwenye mdomo mwekundu. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Hayo ni kidogo, lakini kwelea husafiri kwa makundi makubwa mno, na kundi la ndege milioni moja laweza kumaliza tani 10 kwa siku moja.

Lakini wengi wa ndege tuwaonao uani si kwelea. Kwenzi, mwenye mgongo wa buluu ing'aayo na tumbo la rangi ya kutu, huokota panzi, mchwa na viwavi. Shore hula matunda ya mwituni, na mbegu zake huzidondosha mahali pengine, zikaota. Chozi hunyonya utamu wa maua, na kwa kufanya hivyo huyachavusha. Hata wale ndege walao nafaka, wengi wao huwalisha makinda yao wadudu. Mtoto asiyejua tofauti hizi humpiga kila ndege kwa manati, na hivyo huwaua wasaidizi wa baba yake pamoja na wezi.

Tena, kumpa ndege chakula si desturi ngeni katika Afrika. Wakamba ni wafuga nyuki tangu zamani, nao wamjua yule ndege aongozaye watu kwenye asali, aliaye mbele ya mtu huku akiruka mti hata mti mpaka penye nyuki. Mwaka 1989 wataalamu wawili, Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kati ya Waborana wa kaskazini ya Kenya. Warina asali wasioongozwa na ndege huyo walitumia kama saa 9 kuwapata nyuki. Walioongozwa naye walitumia saa 3 na kidogo tu. Wayao wa Msumbiji humwachia ndege huyo kipande cha sega juu ya majani, kuwa ujira wake.

Wakati ufaao

Wakati wa kuwawekea ndege chakula ni kiangazi, yaani tangu Juni hadi mvua za mwezi wa Oktoba au Novemba, ambapo hakuna nafaka shambani na majani yamekauka. Mtama na uwele vikianza kutoa mashuke, chombo cha nafaka hakina budi kuondolewa, yakabaki maji peke yake. Na makundi ya kwelea yakionekana wakati wo wote, chombo kiondolewe siku ile ile, na Afisa wa Kilimo apewe habari.

Maji ni kwanza

Katika nchi kavu kama yetu ndege huteswa na kiu sawasawa na njaa. Basi anzeni na maji. Twaeni kigae kipana cha chungu kilichovunjika, mkiweke juu ya jiwe au kisiki. Kina cha maji kisizidi upana wa vidole viwili. Tieni mawe machache ndani yake, yatokeze juu ya maji, ili ndege wadogo na nyuki wapate pa kukanyaga wasizame.

Maji huletwa kwa jasho la akina mama na watoto, kutoka mbali au kwa kuchimba mchangani mwa mto, wala hatusemi yapotezwe. Kikombe kimoja chatosha. Maji yaliyooshea mboga yafaa pia, mradi hayana sabuni. Yamwagwe penye mche kila asubuhi na kutiwa mengine, kwani maji yakikaa siku nyingi mbu hutaga ndani yake.

Kutengeneza chombo

Vitu vitakiwavyo ni kibuyu kikavu, kamba ya katani na msumari. Mzazi apasue kibuyu kwa msumeno au kisu, kwa kuwa kazi hii si ya mtoto mdogo. Nusu moja ndiyo itumiwayo. Watoto waikwangue ndani mpaka iwe safi, kisha waianike juani siku moja.

Mzazi apashe msumari moto, atoboe matundu matatu karibu na ukingo, yakiwa mbalimbali kwa kadiri moja. Atoboe na mengine madogo sana chini, ili maji ya mvua yapate kutoka. Watoto wasokote kamba tatu za katani, kila moja yapata urefu wa mkono wa mtu mzima. Zipitishwe katika matundu ya ukingoni, zifungwe fundo kwa chini, na ncha za juu zifungwe pamoja. Hapo kibuyu kitaning'inia sawasawa kama mizani.

Asiye na kibuyu aweza kutumia sehemu ya chini ya mtungi wa plastiki uliotupwa, iliyokatwa kwa kimo cha vidole vinne, ukingo wake ukilainishwa ili usiwakate ndege wala watoto. Mtungi uliowahi kutiwa dawa ya mimea au ya mifugo usitumiwe kabisa, hata ukioshwa mara kumi.

Chakula kipi kitiwe

Hatusemi watu wanyimwe chakula kwa ajili ya ndege. Zipo mbegu za magugu, punje zilizovunjika zibakizo katika ungo, mbegu za tikiti maji na maganda ya papai. Konzi moja ya mtoto kila asubuhi yatosha. Kiwekwe kile tu kitakachokwisha kabla ya adhuhuri, kwani masazo ya usiku huwaita panya.

Hapa pana neno ambalo kila mzazi wa Kitui na Makueni amkazie mtoto wake. Watu wengi, waonapo mahindi yaliyoota kuvu, husema, "Haya hatuli sisi, wapeni kuku na ndege." Shauri hilo ni la hatari. Kuvu hiyo yaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, isiyoonekana kwa macho wala kuondolewa kwa kupika. Sumu hii ilitambuliwa kwa sababu ya ndege: mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa unga wa karanga ulioharibika.

Nasi hatuhitaji kwenda Uingereza kutafuta ushahidi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo katika sehemu za mashariki na kati za Kenya, na 125 kati yao walikufa. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wa Makueni na Kitui. Mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu ndiyo yaliyowaua.

Basi kazi ya kuchagua punje za ndege na iwe somo. Mtoto na akae na ungo mapajani, atenge punje nzima na safi upande mmoja, na zenye kuvu, zilizobadilika rangi au kunuka uvundo upande wa pili. Zile mbaya zifukiwe shimoni, asipewe kiumbe ye yote. Akiona kuvu katika mahindi ya ghala, na amwambie mama yake papo hapo, wala asinyamaze kwa kudhani ya kuwa ni mambo ya wakubwa. Walakini mahindi yaonekanayo safi nayo yaweza kuwa na sumu, kwa hiyo kinga iliyo kuu ni kuyakausha vema kabla ya kuyaweka.

Mahali pa kuning'iniza

Chombo kitundikwe kwenye tawi, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, penye kivuli, mbali na kichaka ambamo paka aweza kujificha. Kisiwe karibu na banda la kuku, na kuku wasiokote yadondokayo chini yake. Ndege wa mwitu waweza kuleta magonjwa, na kila mfugaji ajua jinsi kideri kiwezavyo kumaliza kuku wa boma zima. Kila juma chombo kioshwe kwa maji na sabuni, kisuuzwe, kikaushwe juani. Watoto nao waoshe mikono kila wamalizapo kazi. Ndege akionekana kuugua au akifa karibu na chombo, asishikwe kwa mikono mitupu, na chombo kiondolewe kwa majuma kadhaa.

Daftari la ndege

Mwisho, mtoto ajuaye kuandika apewe daftari. Aandike tarehe, saa, rangi ya ndege, umbo la mdomo wake, na alichokula. Jina la Kikamba aulize kwa babu au nyanya yake, na la Kiswahili kwa mwalimu. Chama cha Wildlife Clubs of Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1968, kimewakusanya wanafunzi kwa elimu ya namna hii, na mwalimu apendaye aweza kuanzisha kazi hiyo shuleni pake.

Mtama utakapokomaa tena, mtoto huyo atarudi shambani kuamia ndege kama zamani, na ni wajibu wake. Lakini atakapoinua kombeo, atatazama kwanza. Akimwona kwelea, atapiga kelele kwa nguvu zake zote. Akimwona kwenzi ameshika kiwavi mdomoni, ataliacha jiwe lianguke chini.