Utegemezi Uliovunjika katika Linux: Mfano wa Vituo vya Afya vya Migori na Homa Bay

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Kauli hiyo inasadifu hali ya programu katika mfumo wa Linux, kwani ni nadra programu moja kujitosheleza. Makala haya yanafafanua maana ya utegemezi wa vifurushi, sababu za kuvunjika kwake na hatua za kuurekebisha.

Kaunti za Migori na Homa Bay ni miongoni mwa zile zenye viwango vya juu kabisa vya maambukizi ya virusi vya UKIMWI nchini Kenya. Kuanzia mwaka wa 2012, vituo vingi vya afya vya magharibi mwa Kenya viliwekewa KenyaEMR, mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa. Mfumo huo umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanzishwa mwaka wa 2004, na huendeshwa katika Ubuntu, tawi mojawapo la Linux. OpenMRS huhitaji Java ili iende na MySQL ili itunze kumbukumbu. Kimoja kikikosekana, mhudumu hawezi kuona katika tarakilishi siku ambayo mgonjwa anapaswa kurudi kuchukua dawa.

Kifurushi ni faili inayobeba programu pamoja na orodha ya vifurushi vingine inavyovitegemea. Mvuvi wa omena wa Mbita au Muhuru huhitaji mashua, wavu na taa. Taa ikikosekana, uzima wa mashua haumfai kitu usiku wa giza. Vivyo hivyo, utegemezi huvunjika pale kifurushi kinachohitajika kinapokosekana au kinapokuwa cha toleo lisilofaa.

Sababu kuu ni tatu. Kwanza, umeme hukatika usakinishaji ukiwa haujakamilika. Pili, mtumiaji huchanganya vifurushi vya matoleo tofauti ya Ubuntu. Tatu, programu huletwa kutoka nje ya ghala rasmi bila vifurushi inavyovitegemea.

Kabla ya kutengeneza chochote, nakala ya hifadhidata sharti iwekwe nje ya mashine hiyo. Baada ya hapo, hatua zifuatazo hufuatwa kwa mpangilio:

1. Amri ya sudo dpkg --configure -a hukamilisha usanidi ulioachwa njiani.

2. Amri ya sudo apt update huhuisha orodha ya vifurushi vilivyomo ghalani.

3. Amri ya sudo apt --fix-broken install hutafuta vinavyokosekana na kuvisakinisha.

4. Tatizo likiendelea, apt-mark showhold huonyesha vifurushi vilivyozuiwa visibadilike, nayo apt policy, ikifuatwa na jina la kifurushi, huonyesha toleo lililopo na ghala linakotoka.

Hatua ya tatu ina hatari yake. Apt inaweza kupendekeza kuondoa vifurushi ili kusuluhisha mgongano. Hivyo basi, orodha ya vitakavyoondolewa isomwe yote kabla ya kukubali. MySQL ikiwamo, jibu liwe la kukataa.

Aidha, mahali ambapo intaneti ni dhaifu, vifurushi vinaweza kupakuliwa kwingineko na kuletwa kwa diski mweko. Lazima viwe vya toleo lile lile la Ubuntu na vilingane na aina ya kichakataji. Amri ya sudo apt install ./ ikifuatwa na jina la faili huvisakinisha.

Ni dhahiri kuwa maarifa haya hayahitaji kubaki katika Kiingereza pekee. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Wataalamu wa lugha na wa tarakilishi wakishirikiana, mhudumu wa kituo cha mashambani ataelewa onyo lililo mbele yake kabla ya kubonyeza kitufe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.