Uvimbe kwa Mbwa Mchanga: Lipia Jibu Kabla ya Dawa

Mtoto wa Boerboel au German Shepherd akitokwa na uvimbe huku Mbumbuni, Makueni, kinachomaliza pesa za mwenyewe ni safari kuliko dawa. Mbwa wa kilo 20 hapakatwi kwenye matatu, na makondakta wengi hawataki hata kumsikia. Ukikodi gari la Probox hadi Machakos, kisha ukaambiwa upitilize Nairobi, umeshatumia maelfu kabla daktari hajamgusa. Basi kazi ya kwanza ni kujua uvimbe upi unastahili nauli hiyo.

Mwingine hauhitaji hata shilingi. Mbwa wa jamii kubwa anapokua huwa na vifundo vinene kwenye miguu ya mbele, kwa sababu hapo ndipo mfupa unaporefukia. Vikiwa sawa kulia na kushoto, na mbwa anakimbia vizuri, achana navyo. Donge linalobaki mahali alipodungwa chanjo kwa kawaida huisha katika wiki chache. Ngiri ndogo ya kitovu, ile laini inayorudi ndani ukiibonyeza taratibu, inaweza kungoja hadi siku ya kuhasiwa ili alazwe usingizi mara moja tu. Ikiwa ngumu, ikauma na isirudi, hiyo ni dharura. Na kabla hujang'oa "kupe" wa tumboni, hesabu chuchu kwanza. Hata dume anazo.

Uvimbe unaonisumbua zaidi kwa sababu watu huulipia bure ni ule wa kiwiko. Mbwa mzito akilala kwenye saruji, ngozi ya kiwiko husagwa kati ya mfupa na sakafu mpaka mfuko wa majimaji ujitengeneze. Ni laini, hauna joto, na mwanzoni haumsumbui. Akija mtu wa kuupasua, maji yatatoka, yatarudi, na safari hii pengine na usaha. Tiba yake ni gunia lililojazwa maganda makavu ya mahindi, nene kiasi kwamba ukiligandamiza kwa goti husikii sakafu. Wengi hupungua katika wiki kadhaa. Gunia hilo linapaswa kuwekwa siku ile ile mbwa anapoletwa nyumbani.

Tuje kwa duka la dawa za mifugo, ambako wengi huanzia kwa kuwa liko karibu na bei ni ya mamia. Hapo ndipo urahisi unapodanganya. Oksitetrasaiklini ya ng'ombe hujishikiza kwenye meno na mifupa inayokua, na mbwa wa miezi minne ni mifupa inayokua kutoka pua hadi mkia. Deksa (deksamethasoni) hufanya uvimbe unywee kwa siku chache, mwenye mbwa akafurahi, na kama chanzo kilikuwa saratani ya damu au ya ngozi, kipimo cha baadaye kinaweza kutoa jibu la uongo. Ivermektini ya ng'ombe ya asilimia moja imepimwa mililita moja kwa kilo 50. Kwa mbwa wa kilo 10 unazungumzia sehemu ya tano ya mililita, na baadhi ya German Shepherd huzaliwa na kasoro inayofanya dozi ikizidi iwadhuru ubongo. Panadol na Brufen za nyumbani zisimguse kabisa. Ukinunua kitu dukani, nunua glavu na Vaseline.

Vaseline ina kazi yake. Kinundu chenye tundu dogo katikati, hasa tumboni au miguuni, kinaweza kuwa funza wa nzi anayetaga kwenye mchanga uliochafuliwa na mkojo au mavi. Ziba tundu, funza akose hewa, kisha umsukume nje taratibu akiwa mzima. Akikatikia ndani, utakuwa umetengeneza jipu ambalo hukuwa nalo.

Kwa uvimbe usioeleweka ambao hauna haraka, upime kwa uzi, piga picha pembeni mwa sarafu, rudia baada ya wiki mbili. Mbwa wadogo kwa umri hupata vinundu vyekundu vya mviringo ambavyo hujikausha vyenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu, bila kisu. Kilichokua, kilichokuwa kigumu au kilichoanza kutoa damu, kilipie kipimo.

Kipimo ninachokipigania ni cha sindano nyembamba: daktari anavuta chembe kidogo kutoka kwenye uvimbe, anazipaka kwenye kioo, zinakauka, zinasomwa kwa hadubini. Hakuna usingizi wala mshono. Na tofauti na mbwa, kioo kikavu kinasafiri kwa matatu bila kukataliwa, hadi Machakos au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Kifungwe peke yake tu, mbali na chupa ya formalini, maana mvuke wake huharibu chembe. Muite daktari siku anayokuja kuona ng'ombe wa jirani mgawane mafuta ya pikipiki, na hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Kuna hali ambazo hazingoji wiki mbili. Uso uliofura ghafla baada ya kunusa vichakani unaweza kuwa wa nyuki au nyoka bafe. Uvimbe mgumu juu ya mfupa pamoja na kuchechemea unahitaji eksirei. Wakati mwingine kosa ni la chakula, ugali na nyama tupu bila kalisi, au kinyume chake, unga wa mifupa ukirundikwa juu ya chakula kilichokamilika. Jeraha la kung'atwa na mbwa asiyejulikana ni suala la kichaa cha mbwa. Makueni, Kitui na Machakos ni kati ya kaunti ambako mkakati wa kitaifa wa 2014, unaolenga kukitokomeza kufikia 2030, ulianzia, na chanjo za kampeni ni bure. Mtu aliyeguswa na mate ya mbwa huyo anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali.

Ikifika upasuaji, unaingia makumi ya maelfu kwa urahisi, kwani dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo. Uliza kama bei inajumuisha usingizi, dawa za maumivu na maabara ya kusoma kinyama kilichotolewa. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Afisa wa mifugo wa karibu anaweza kuzitoa, ukaokoa Probox ya pili.